Mzee wa Rithimu

Bendi ikipanda jukwaani, macho yote humfuata mpiga solo. Ndiye anayefumba macho na kurudi kinyumenyume, ndiye anayebandikwa noti kwenye paji la uso. Mimi humtafuta yule aliyesimama nyuma yake, ubavuni mwa ngoma, gitaa limeshuka kiunoni, uso mkavu, hacheki na mtu. Huyo ni mpiga rithimu. Akikosea, hata asiyejua muziki atageuka kutazama. Akipatia, hakuna anayemtaja.

Hapa Nairobi napenda kumsikilizia katika soko la Burma. Mchana soko hilo lililo karibu na City Stadium, kandokando ya Barabara ya Jogoo, ni la nyama. Wachukuzi hupita na mapaja ya ng'ombe mabegani, makoti meupe yamelowa damu, na mlio wa misumeno hausikilizani na makelele ya madalali. Jioni wenyeji wa Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Maringo huingia mmoja mmoja. Unachagua ubavu, unapimiwa, unapelekwa motoni, halafu unangoja. Nyama nzuri haiharakishwi, na huu muziki wa zamani unaoitwa zilizopendwa ulitungwa kwa watu wenye muda wa kungoja.

Jumamosi moja bendi ya wazee ilikuwa imefunga vyombo kwenye kona ya baa moja ya huko. Mvi zilikuwa nyingi kuliko nywele nyeusi. Mpiga rithimu aliketi juu ya spika, akainamisha sikio karibu na gitaa, akadonoa uzi mmoja, akaukaza kidogo, akaudonoa tena, akaulegeza. Vijana siku hizi wana kifaa cha kuwaambia uzi umefika. Yeye alikuwa na sikio na kipande cha plastiki alichokikata mwenyewe, kimelika upande mmoja. Kelele za mabilauri hazikumsumbua. Alipomaliza nyuzi zote sita aliinua kichwa, akamtazama mpiga besi, na huyo akaitikia kwa nyusi tu. Hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu. Walianza.

Wengi hudhani rithimu ni kukwaruza nyuzi ili mwimbaji asibaki peke yake. Hiyo ni kazi ya kwaya ya shule. Rithimu ya rumba letu inadonolewa: uzi baada ya uzi, kwenda na kurudi, mafungu mafupi yanayojirudia, na kati ya fungu na fungu pana nafasi iliyoachwa makusudi ili besi ipite. Kiganja cha kulia hulalia nyuzi kidogo, kukata sauti kabla haijavuma. Ukitazama mkono wa mzee huyo utasema haufanyi kitu. Tazama miguu ya wanaocheza ndipo utajua unafanya nini.

Ushahidi mkubwa ni Les Wanyika. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walifika Nairobi mwaka 1971 na kuijenga Simba Wanyika. Novemba 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitoa. Miongoni mwao walikuwa Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, wa rithimu; Tom Malanga wa besi; na Rashid Juma wa ngoma. Yaani bendi iling'olewa uti wa mgongo. Bendi yao mpya, Les Wanyika, ikampata John Ngereza wa kuimba na kupiga solo, na haikuchukua muda ikatoka Sina Makosa. Mimi nasema wimbo ule umeishi miaka yote hii kwa sababu walioujenga walianzia chini. Usikilize tena bila kujali maneno: besi inasema machache, inanyamaza, na rithimu ya Profesa inapita katikati bila kumkanyaga mtu. Wakati wa santuri ndogo nyimbo kama hizo zilikatwa vipande viwili, ukageuza upande wa pili kumalizia. Jukwaani hakuna cha kugeuza. Burma usiku ule wazee waliupiga hadi sahani ya nyama ikaja, ikaliwa, na mifupa ikaondolewa mezani.

Lakini gitaa na soko hili vimejuana tangu zamani zaidi. Burma ni jina lililorudi na askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki. Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika nchi ya Burma, leo Myanmar, ikishuka Bonde la Kabaw hadi kuvuka Mto Chindwin. Na si wote waliopelekwa mashariki walikwenda kufyatua risasi tu. Kulikuwa na kikosi cha burudani, na ndani yake kijana wa Pwani, Fundi Konde, akiwapigia askari muziki. Baada ya vita alikuja kuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini kushika gitaa la umeme, na Tausi na Majengo Siendi Tena ni nyimbo zake. Jeshi na rumba havikuachana hapo. Mwaka 1970 wanajeshi wa Kenya waliunda Maroon Commandos, na Habel Kifoto, aliyefariki mwaka 2011, akaiongoza miaka mingi. Charonyi ni Wasi, aliyoiimba kwa Kitaita, ilichezwa na watu wasiojua neno moja la Kitaita. Sidhani ni bahati kwamba bendi hiyo ilidumu wakati nyingi za uraiani zikivunjika. Walikuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Wengine walikula kwa kiingilio cha mlangoni, na mlango una siku zake.

Hilo linanirudisha kwa wazee wa Burma, ambao hakuna jeshi linalowalipa. Kuna anayesema wanarudia mambo yale yale. Ni kweli, na kurudia ndiyo kazi yenyewe. Kijana hupiga fungu moja mara kumi akachoka, akaongeza madoido ili aonekane. Mzee huyu alilipiga usiku mzima, na kadiri wimbo ulivyoendelea ndivyo alivyopunguza. Karibu na mwisho, solo ilipochemka na ngoma zikapanda, alibakisha nyuzi mbili tu. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama, hata mchoma nyama alikuwa ameacha koleo akicheza na mama mmoja wa makamo aliyevua viatu. Nikamwuliza kwenye mapumziko, "Mzee, mbona mwishoni ulipunguza?" Akanywa maji, akajibu, "Kijana, hapo kila mtu anaongea. Lazima mmoja awasikilize."

Siku hizi mwenye baa anaweza kuleta mwimbaji mmoja na kompyuta, akapiga plebeki hadi asubuhi. Ni rahisi, na sauti haikosei. Ila kompyuta haimwoni mama aliyevua viatu, na haijui kumwongezea dakika tatu kabla ya kufunga wimbo. Watu watano jukwaani wanajua. Watano hao wanahitaji nauli, chakula na nyuzi mpya, na kiingilio cha usiku mmoja kikigawanywa hakifiki mbali.

Basi ukienda Burma Jumamosi, nenda mapema, agiza nyama yako, ukae upande wa ngoma. Beba noti ndogo ndogo. Mpiga solo atapata zake, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ya kwanza mpelekee mzee wa rithimu, na umwekee mfukoni, maana mikono yake haina nafasi.