Bandari, Kuwahi na Akiba: Istilahi Tatu za Upokeaji wa Data

Mswada uliofikishwa mezani petu waeleza jinsi ya kuunganisha kipimo cha chumvi ya maji na kompyuta, ili vipimo visomwe na programu ya takwimu kadiri vinavyotoka. Umekusudiwa vijana watakaopima mto Pangani, ambamo maji ya bahari hupanda wakati wa kujaa. Sarufi ya mfasiri haina dosari. Istilahi zake tatu, hata hivyo, hatuwezi kuziacha zipite.

Ya kwanza ni "bandari ya mfululizo". Mtu wa Mwera, wilayani Pangani, aijua bandari: ndipo vyombo vitiapo nanga, vikapakia na kupakua, vingi kwa pamoja. Hapa kinachosemwa ni tundu ambamo biti hupita moja nyuma ya nyingine. Neno la Kiingereza lina asili mbili za Kilatini, moja bandari na nyingine mlango. Mfasiri ameshika isiyohusika, ilhali Kiswahili kina mlango wa mto na mlango wa bahari tangu zamani. Tena "mfululizo" hudai kutokatika, na kipimo huweza kunyamaza dakika kumi. "Mlango wa mfuatano" watosha.

"Wakati halisi" yauliza mara moja: wakati wa uongo ni upi? Wengine hupenda "papo kwa papo", lakini hiyo yaahidi kasi. Sharti lenyewe ni kumaliza kusoma kipimo kabla kingine hakijafika. Twapendekeza "usomaji wa kuwahi", ingawa hatutashikana mashati na mtu kwa hilo.

Lililotutia wasiwasi hasa ni "akiba", yaani mahali data zinapongoja kusomwa. Programu kama R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kawaida hushika kazi moja kwa wakati: ikichora grafu, haisomi. Data haziisubiri. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi moja ikichukua biti 10 pamoja na za kuanzia na kumalizia, herufi 960 huingia kila sekunde. Kipokezi cha aina ya 16550, chenye nafasi 16, hujaa katika sehemu moja ya sitini ya sekunde. Nyuma yake mfumo wa kompyuta una nafasi kubwa zaidi, nayo pia ina mwisho. Kikijaa, zinazofuata hupotea.

Sasa mwambie Mswahili kwamba data zake zimo katika akiba. Atatulia, kwani akiba haiozi. Atarudi akute kilele cha bamvua hakimo. Baya zaidi, 31.5 iliyokatwa kichwa ikabaki 1.5 ni namba sahihi machoni pa programu, na maji ya bahari yataonekana karibu matamu, bila onyo lolote. Kosa hilo halitokani na mashine peke yake. Neno limemlaza mlinzi.

Wako wenzetu waliopendekeza "kingojeo", nalo si baya. Sisi twaona "foleni" ni bora, japo ni la kigeni: kila aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi anajua kwamba likifungwa, aliye nyuma huondoka mikono mitupu.

Mswada tumeurudisha, na "akiba" imepigiwa mstari mwekundu kila ilipotokea.