Geuza Pama Kwanza

Julai ya Mbalizi, jirani na Mbeya, ni mwezi wa makoti. Asubuhi malori ya Tunduma yanapita na taa zao ndani ya ukungu, wauza mtumba wanafungua mabelo, na kati ya masweta hujitokeza mapama, zile kofia za felti zenye ukingo. Kijana atakunyooshea moja: "Shikamoo mzee, hii Italia kabisa." Itikia marahaba, kisha ligeuze uangalie ndani. Wengi hulivaa kwanza, wakaomba kioo, na wakishajiona wamependeza hawana tena nguvu ya kukataa.

Felti haifumwi. Ni manyoya yaliyoshindiliwa kwa maji ya moto na mvuke hadi yakashikana, kwa hiyo la kuuliza kwanza ni manyoya ya mnyama gani. Ya kondoo ni ya bei nafuu. Yakinyeshewa mara kadhaa hulegea au kusinyaa. Ya sungura, na zaidi ya biva, mnyama wa mitoni wa Amerika ya Kaskazini, hutoa felti nyembamba iliyoshikana sana. Fumba macho upitishe kidole gumba. Felti ya sungura huteleza. Ya kondoo hukwaruza kama blanketi la bweni. Kunja ukingo taratibu, uuachie. Ukirudi wenyewe bila alama, endelea. Mwishowe omba maji kidogo, udondoshe tone moja: kwenye felti nzuri litasimama kama umande juu ya jani la gimbi. Muuzaji akigoma kuleta maji, nawe umeshapata jibu.

Sasa ile ngozi ya jasho, mkanda unaogusa paji la uso. Mimi huitazama kuliko kitu kingine chochote. Ngozi halisi iliyoshonwa kwa mishono midogo ya karibukaribu ni dalili ya fundi aliyelipwa vizuri. Kitambaa au plastiki ni dalili ya kiwanda kilichokuwa na haraka. Niliwahi kubeba pama lenye jina kubwa la Italia limepigwa chapa ya dhahabu kwenye bitana. Nyumbani nikainua utepe: umebandikwa kwa gundi, na ile "ngozi" ikachanika kama mfuko wa sukari. Bitana mtu anaweza kuihamisha kutoka kofia moja hadi nyingine kwa sindano na dakika kumi. Ngozi iliyokaa na felti yake miaka hamsini imeshaacha alama yake, na ukiifunua utaona rangi ya felti iliyofichika jua.

Umri nao husomwa humo humo ndani, ila kwa akili. Borsalino ilianza 1857 kule Alessandria, Stetson 1865 kule Philadelphia. Ukikuta mwaka wa namna hiyo umeandikwa, ni wa kampuni, si wa kofia. Nchi zilizokufa ndizo mashahidi wazuri zaidi. Pama lililoandikwa limetengenezwa Czechoslovakia halizidi mwisho wa 1992; la Ujerumani Magharibi ni la kati ya 1949 na 1990. Anwani ya Marekani yenye namba tano za posta ni ya 1963 au baadaye. Ukingo mwembamba wa vidole viwili vitatu mara nyingi ni mtindo wa miaka ya 1960. Ule mpana wenye kichwa kirefu huenda ni wa zamani zaidi. Na yale ya Marekani ya kabla ya 1941 yashike kwa heshima, kisha unawe mikono, maana zebaki ilikuwa bado ikitumika kutayarishia manyoya.

Lakini mapama bora ya nyanda hizi hayatoki kwenye belo. Mji wa Mbeya ulianza 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, na wageni wa enzi zile walivaa hata terai maradufu, mapama mawili yaliyoingizwa moja ndani ya jingine kukinga jua. Vijana wetu nao walikwenda migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodini, wakarudi na masanduku, suti na kofia. Ukiona pama limetundikwa ukutani kwa mzee, usianze na bei. Anza na habari zake.

Kuvaa si kazi. Pima kichwa kwa futi ya fundi juu kidogo ya masikio: sentimita 57 ni namba 7 ya Uingereza, na 7 na moja ya nane ya Marekani. Lishike kwa ukingo, si kwa kubana mkunjo wa juu. Likilowa, funua ngozi nje, liache likauke taratibu mbali na jiko, maana moto huikaza ngozi na kofia haikuingii tena. Vumbi la barabarani litoe kwa brashi laini. Sabuni ya unga, hapana.

Matundu ya nondo kwenye ukingo nayavumilia, bei ikishuka. Yakiwa kwenye mkunjo wa juu, liache hapo hapo kwenye turubai. Litapasuka kabla Julai nyingine haijafika.