Mstari Usio na Rasimu: Namna ya Kupima Murumba wa Ituri

Ukiletewa murumba, yaani nguo ya gome la mti ya Wambuti, hapa Bunia, usikimbilie ule uliojaa michoro kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi huanza kutazama sehemu zilizoachwa wazi.

Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, pande za Mambasa na Epulu, mwanaume wa Kimbuti hubandua gome la ndani la mti, mara nyingi wa jamii ya mtini, akaligonga kwa nyundo ya pembe ya ndovu au ya mti mgumu hadi lipanuke na kulainika. Kisha nguo hupita mikononi mwa wanawake. Wao huchora kwa kijiti au kidole, kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa.

Rasimu hakuna. Linganisha na mchoraji wa vitabu: Hablot Browne, aliyechora picha za riwaya nyingi za Charles Dickens kuanzia 1836, alitangulia na penseli, akampelekea mwandishi, akasahihishwa, ndipo akahamishia mchoro kwenye bamba la chuma. Mama wa Kimbuti hana duru hiyo ya pili: rangi ikishanywewa na gome haifutiki. Uamuzi wake wote uko mbele yako.

Kwa hiyo soma mstari. Tafuta mahali rangi ilipokaribia kwisha kwenye kijiti: mstari hufifia, halafu huanza tena mzito. Mkono mzuri huendelea kwa mwendo uleule, na kiungo hakina fundo. Mkono unaonakili husitasita kwenye kona, kwa sababu jicho liko kwenye mfano. Kalamu ya biki nayo hujulikana: unene haubadiliki, na ncha huacha mtaro mwembamba kwenye gome.

Makosa mengi ya wanunuzi huja kwenye mpangilio. Mchoraji huikunja nguo mapajani na kushughulikia kipande kwa kipande, na pengine zaidi ya mwanamke mmoja hushiriki. Ndiyo maana wavu wa mistari unaweza kukatika ghafla ukawa nukta. Hilo si kasoro. Uliza kama kipande kinachofuata kinakijibu kilichotangulia: kwa uzito, kwa mwelekeo, au kwa kunyamaza kabisa. Wataalamu wamelinganisha mapengo hayo na nyimbo za Wambuti, zenye sauti nyingi zinazopokezana, nami nakubaliana nao. Pengo lililoachwa kwa kuchoka huonekana limelegea. Lililokusudiwa huivuta mistari ya kando yake. Murumba ambao kila pembe inalingana na nyingine hunitia shaka.

Liinue gome mbele ya mwanga. Unene uwe wa kulingana, bila sehemu zilizopondwa hadi kuwa utando. Tundu lililoshonwa kwa uzi wa mmea lisikuogofye.

Kuhusu umri, tahadhari. Nguo iliyovaliwa huchakaa pale mkanda ulipobana na pale ilipopita katikati ya miguu. Ikiwa imefubaa sawasawa kila mahali, huenda imezeeshwa makusudi. Na murumba mpya uliochorwa kwa mkono imara naupendelea kuliko mkuukuu wenye mistari dhaifu.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji jina la mama aliyechora na kambi yake. Liandike kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na nguo. Nguo nyingi za namna hii zimeingia kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani bila jina hilo.