Chanjo na Kingamwili: Maneno Mawili Yasiyostahili Kuchanganywa

Wafasiri wengi wa maandishi ya tiba wametuzoesha kuliona neno moja, chanjo, likibebeshwa kila sindano izuiayo maradhi. Zamani kosa hilo halikuwa na uzito mkubwa. Sasa linao, na ushahidi tunaupata Bonde la Kilombero.

Mwaka 1993, kijijini Idete, watoto walipewa chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, ingawa majaribio ya baadaye kwingineko hayakuithibitisha. Hiyo ilikuwa chanjo kwa maana halisi: mwili ulionyeshwa mfano wa adui ili ujitengenezee silaha. Lakini mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya Mali, ambako watu wazima walitiwa mshipani kingamwili zilizokwisha kutengenezwa maabara. Dozi kubwa ilizuia maambukizo ya malaria kwa asilimia 88 katika miezi sita. Hapa mwili haukufundishwa kitu. Ulipewa silaha mkononi, nazo hupungua siku hata siku mpaka zikaisha.

Mfasiri wa Mlabani, ilipo Taasisi ya Afya Ifakara, akiletewa fomu ya ridhaa ya dawa ya namna hii naye akaandika chanjo, mzazi atatia sahihi jambo ambalo hakulielewa.

Wala hatuna haja ya kungoja dawa za kesho. Mtu aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa hata akatoka damu hustahili vitu viwili: chanjo, ambayo huchukua siku kadhaa kuuamsha mwili, na kingamwili zinazochomwa jerahani ili zishike zamu katika siku hizo. (Kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi hakuhitaji istilahi.) Vyote viwili huitwa "sindano ya kichaa cha mbwa". Aliyechomwa siku ya kwanza akidhani amemaliza, hatarudi kwa zilizobaki; na maradhi haya, dalili zikishaanza, karibu kila mara huua.

Kingamwili lenyewe ni neno lenye dosari. Msomaji asiyeelezwa hudhani ni kinga yoyote ya mwili, na wapo waandishi wanaolitumia kwa maana hiyo. Sisi tunaona uwezo wa mwili kupambana na maradhi uitwe kinga, basi. Kingamwili ziachiwe zile protini za damu zinazomnasa adui mmoja maalumu, na ziandikwe kwa wingi: kingamwili hizi.

Kwa dawa tunayoizungumzia tungeandika kingamwili za kupewa, kuzitofautisha na za kujitengenezea. Mama mjamzito aliyechanjwa pepopunda hujitengenezea. Mtoto aliye tumboni hupewa, kupitia kondo la nyuma. Mwalimu akianza na mfano huo hatapata taabu darasani. Kingamwili bandia hatulikubali hata kidogo. Bandia ni kitu cha kuigiza, na nani atakayenyoosha mkono atiwe mshipani kitu cha kuigiza?