Bati, Waya na Kutu: Fani na Maudhui katika Kazi za Naomi Wanjiku Gakunga

Katika uhakiki wa Kiswahili imezoeleka kutenganisha fani na maudhui: maudhui huhesabiwa kuwa kiini, na fani kuwa ganda lake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa utengano huo hausimami mbele ya kazi za Naomi Wanjiku Gakunga, msanii Mkenya aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha Los Angeles katika Chuo Kikuu cha California, na ambaye amefanyia kazi zake San Antonio, Texas. Kazi hizo ni za dhahania. Hazina sura ya mtu, mnyama wala mandhari. Zina bati, waya wa chuma na kutu. Mhakiki anayeuliza "hii ni picha ya nini?" atakosa jibu. Swali lifaalo ni hili: vitu hivi vimetoka wapi, na mkono umevitenda nini?

Bati lina historia yake. Katika miaka ya 1960, wanawake wa Kenya ya Kati waliunda vikundi vya kuchangiana fedha ili kila mmoja, kwa zamu yake, aondokane na paa la nyasi na kuezeka nyumba yake kwa mabati. Vikundi hivyo vikaitwa kwa jina la kile vilichonunua. Paa jipya lilipunguza kazi ya kuezeka upya, na maji ya mvua yakaweza kukingwa safi. Msanii mwenyewe amevitaja vikundi hivyo kuwa chimbuko la kazi zake.

Hapa ndipo penye mgogoro. Bati la kuezekea hupakwa zinki ili lisishike kutu. Gakunga, kinyume chake, huliacha kwa makusudi liliwe na maji na hewa mpaka litoe rangi za udongo na hudhurungi. Kwa mama aliyechanga senti baada ya senti, kutu ni hasara. Ni paa linalokaribia kuvuja. Je, msanii anaitukuza jasho ya mama huyo, au anaigeuza pambo? Swali hili halipuuziki, hasa kazi zinapotundikwa katika kumbi za London, ambako hakuna anayelala chini ya bati hilo.

Jibu linaweza kutafutwa katika jina. Maonyesho yake ya mwaka 2013 katika October Gallery, London, yaliitwa Ituĩka, na kando yake likawekwa neno la Kiingereza lenye maana ya mageuzi. Ituĩka ni neno la Kigikuyu litokanalo na kitenzi gũtuĩka, chenye maana mbili: kukatika, na kuwa kitu kingine. Ndilo jina la sherehe ambayo kwayo kizazi kimoja kilikikabidhi kingine utawala. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), alilihusisha neno hilo na kujitenga na utawala wa mabavu. Kwa hiyo tafsiri ya "mageuzi" imebeba nusu tu ya maana: imechukua kuwa, imeacha kukatika. Bati lenyewe halikuacha kitu. Limekatwa, limeliwa, ndipo likawa jingine. Kwa mtazamo huu kutu si dharau kwa akina mama wa mabati. Paa lao lilipokea zamu kutoka kwa nyasi. Nalo, kwa kutu yake, linakabidhi zamu hiyo.

Wako watakaodai kwamba kufuma waya ni ufundi wa mikono tu, wala si sanaa. Kiswahili chenyewe kinawapinga. Shanga hutungwa, na shairi hutungwa. Kitenzi ni kimoja, na wazee walioturithisha lugha hawakuona haja ya viwili. Waya wa Gakunga hupita kitanzi kwa kitanzi, kwa mwendo unaokumbusha ususi wa kiondo cha mkonge. Kitanzi kimoja hakijishikilii. Hushikwa na kile kinachokifuata. Ndivyo ulivyokuwa mchango wa mwanamke mmoja, ambao peke yake haukutosha kununua paa. Ushirika, ambao mhakiki angeuita maudhui, haukusimuliwa popote katika kazi hizi. Umo katika kitanzi.

Hata hivyo kazi hizi hazikosi udhaifu. Jina limebebeshwa mzigo mkubwa mno: mtazamaji asiyejua Kigikuyu wala habari za vikundi vile aweza kuridhika na uzuri wa rangi na kwenda zake. Tena, bati lililotundikwa ukutani limenyamaza. Yeyote aliyelelewa chini ya paa la bati anajua kishindo cha mvua juu yake, kinachokatiza mazungumzo ya nyumba nzima. Kishindo hicho hakimo.

Lakini sehemu ya udhaifu huo ni ya wahakiki. Kiswahili kina msamiati mpana wa ususi, ufumaji, uezekaji na uhunzi, ilhali uhakiki wake hukimbilia istilahi za kuazima kila unapokutana na sanaa isiyo na sura. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti ya kusuka, kufuma na kutunga amekwisha kuanza kuzihakiki kazi za Gakunga, hata kabla ya kuambiwa maana ya dhahania.