Mhusika akikufa, nani analia?

Wengi mliniuliza juu ya Dungeons & Dragons, ule mchezo tunacheza mezani na wenzetu wa Butembo na Beni: kila mtu anaigiza mhusika wake, mmoja anaongoza hadithi, dadu inaamua. Mchezo ni mzuri. Ila namna unavyoshika kifo, hapo sikubaliani nao.

Katika kanuni za 2014, mhusika akiisha pointi za uhai anatupa dadu ya pande 20. Kumi na kuendelea amefaulu, chini yake amekosa. Akikosa mara tatu kabla ya kufaulu mara tatu, amekufa. Lakini mwenzake mwenye uwezo akiwa na almasi za vipande 300 vya dhahabu, anamrudisha ndani ya dakika moja. Kwa almasi ya 500, hata kisha siku kumi. Sisi Wakongo tucheke kwanza: almasi inchi yetu iko nazo, na hakuna aliyefufuka!

Kuna kanuni ya kufa na ya kurudi. Ya kilio, hakuna.

Sisi tunajua bei ya kukosa kilio. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Familia nyingi zilipambana na timu za mazishi juu zilitaka kuona uso wa mtu wao na kumuombea.

Siku moja niliongoza mimi. Nikaleta wanyang'anyi wa usiku wenye mapanga, mhusika wa ndugu mmoja wa Beni akakufa. Nikamwambia: "Haina neno, tengeneza mwingine." Akakusanya vitu vyake, akaenda. Mtu wa Beni, kisha yote ya tangu Oktoba 2014! Dadu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Bamoja wanasema basi tutoe kifo kabisa. Hapana. Bila hatari, ushujaa ni bure. Ila kabla ya kuanza tuulizane kifo gani hakiingii mezani kwetu. Na mhusika akikufa, mchezo usimame: kila mwenzake aseme neno, wagawane vitu vyake, wamalize kazi aliyoacha. Mhusika mpya aje siku ingine.

Yule ndugu nilimuomba msamaha. Alisema atarudi, lakini kwanza tumzike mtu wake. Jumamosi tunamzika. Mnaona namna gani?