Wezi wa Urani Wasiocheka

Wezi wanne wamekwama katika mji mdogo wa pwani ya Italia. Wanasubiri meli iitwayo SS Nyanga itengenezwe iwapeleke Afrika Mashariki ya Waingereza, wakajitwalie kwa hila ardhi yenye urani. Nahodha mlevi. Huko London, afisa aliyenusa mpango wao ameshauawa. Hiyo ndiyo Beat the Devil, filamu ya John Huston ya mwaka 1953, na sijui kichekesho kingine cha zamani kinachostahili zaidi kutazamwa Kasongo na Kabambare. Aliyekulia karibu na dhahabu ya Namoya hahitaji kufundishwa jinsi mali iliyo chini ya ardhi inavyogawanywa mezani, mbali, na watu ambao mguu wao haujawahi kuikanyaga.

Huston alikuwa na haki ya kuifanyia mzaha filamu ya upelelezi, kwa sababu ni mmoja wa walioijenga. Mwaka 1941 alitengeneza The Maltese Falcon, Humphrey Bogart akiwa mpelelezi Sam Spade, Peter Lorre mhalifu wa sauti laini, na Sydney Greenstreet lile bonge la mtu lenye adabu nyingi. Miaka 12 baadaye akamrudisha Bogart, akamrudisha Lorre, na nafasi ya bonge akampa Robert Morley. Kampuni ya Bogart mwenyewe, Santana, ilitia fedha zake. Katikati hapo walikuwa wamefika kwetu Kongo: mwaka 1951 Huston na Bogart walipigia sehemu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, unaomwaga maji yake Lualaba. Maji yaliyokwisha kupita Kasongo ndiyo yanayokutana nao.

Sasa tazama kazi yenyewe. Katika filamu ya upelelezi kila mtu anadanganya, naye mpelelezi huchuja, mpaka mwisho unabaki ukweli mmoja. Huston amefanya jambo moja tu: amemwondoa mchujaji. Bogart, yule Sam Spade wa jana, hapa ni Billy Dannreuther, naye anatumikia genge. Mkaguzi wa Scotland Yard anafika hadithi imekwisha iva. Kwa hiyo uongo unarundikana juu ya uongo bila mtu wa kuuondoa, na kila mwigizaji anausema kwa uso mkavu kabisa. Lorre ana lafudhi ya Ulaya ya Kati na jina la O'Hara, na analieleza jina hilo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulieleza mara nyingi. Jennifer Jones, kama Gwendolen Chelm, anadanganya kwa sababu maisha yake halisi hayamtoshi. Mumewe anakwenda Afrika kwa ajili ya shamba la kahawa, lakini maneno ya mke yanamkuza hadi genge linaamini kwamba naye anaifuata urani.

Kipande ninachokirudia zaidi ni kile cha gari. Billy na bonge Peterson wanalisukuma gari lililozimika, linawaponyoka na kutumbukia baharini kutoka juu ya jabali. Habari zinafika mjini kwamba wamekufa. Msiba haujapoa, mmoja wa wenzao anakimbilia kumfungulia yule mume siri yote, kwa kuwa sasa wanahitaji mfuko mwingine. Kisha marehemu wanaingia kwa miguu. Hapo mwandishi hakuhitaji mzaha wowote. Alihitaji mpangilio tu, nani ajue nini, na kabla ya nani. Truman Capote aliandika kurasa hizo filamu ikiendelea kupigwa, siku chache mbele ya kamera, na haraka hiyo haionekani popote. Mpiga picha Oswald Morris naye anawabana wezi wote wanne katika fremu moja, mnene kwa mwembamba, mrefu kwa mfupi, mpaka unawaona kuwa hawawezi kuaminiana wala kuachana.

Urani haionyeshwi hata mara moja. Wakati ule Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imekwisha kutoa madini yaliyoingia katika bomu la Hiroshima, na watazamaji wa New York walikaa wakifuata mabishano ya watu waliovaa suti kuhusu udongo wa Afrika usioonekana. Naona hapo ndipo Huston alipokuwa mkali kuliko alivyosifiwa.

Watazamaji wa mwanzo hawakuielewa. Ikakatwa, ikaongezewa sauti ya Bogart akisimulia, na wezi wakaonyeshwa tangu mwanzo wakipelekwa chini ya ulinzi. Toleo hilo ndilo lililozagaa, kwani haki zake Marekani hazikuhuishwa. Mwaka 2016 likaonyeshwa toleo lililokarabatiwa, refu kidogo, lisilo na msimulizi. Atakayeweza alitafute hilo. Bila sauti ya kumwongoza, mtazamaji analazimika kukaa na wezi hao mezani na kuupima mwenyewe kila uongo unapotamkwa.